Nyuki Ndani ya Bani

Ngiri aliogopa njaa kuliko mnyama yeyote bondeni, ndiyo maana hakuacha kulima tumbaku hata watoto wake walipokohoa kwa moshi wa bani, kibanda cha kukaushia majani. Nyegere alipogawa ruzuku ya mizinga kwa watakaoacha zao hilo, Ngiri aliipokea, kisha akapanda tumbaku kwa siri nyuma ya nyumba.

Nyuki wakahama mizinga. Ngiri akajipongeza kwa ujanja wake wa kutotegemea asali, akabeba kuni kwenda kuwasha bani. Alipofungua mlango, akakuta masega yananing'inia kwenye fito za kutundikia majani, nyuki wamejaa tele. Kugeuka, Nyegere huyu hapa.

"Bwana Nyegere, nimekudanganya," alisema Ngiri. "Nilihofia watoto watalala njaa. Chukua mizinga yako."

Nyegere akachungulia ndani, akalamba midomo. "Uliiweka juani, ndugu yangu, nyuki wakafuata kivuli humu. Sasa ukiwasha moto utawafukuza, usipowasha utavuna. Shauri yako."

Ngiri akazitua kuni chini. Usiku ule watoto walilala wameshiba asali, bila kukohoa, na baba yao akalala bila kuwaza watakula nini kesho.