Wimbo wa Eda

Siku hizi msanii aliyesajili sauti yake hasubiriwi. Likimfika jambo, mtambo humtungia na kumwimbia, na wimbo ukishatoka unahesabiwa kuwa wake.

Mwanasiti alimaliza eda ya mumewe leo asubuhi. Aliuteremsha udi wake ukutani, akakaza nyuzi zilizolegea, akakaa jikoni kutafuta mstari wa kwanza. Kikombe cha marehemu kilikuwa bado kwenye msumari wake.

Jirani yake, Bi Zuhura, aliingia na sahani ya vitumbua.

“Unatunga mwingine? Ule wa marehemu Khatibu tunausikia redioni tangu matanga. Ulimlilia, dada, mpaka ukajitaja jina katika ubeti wa mwisho, kama kawaida yako.”

Mwanasiti alizizima nyuzi kwa kiganja.

“Nilisemaje?” akauliza.