Ndimu na Majivu

Mzee Kibwana aliporudi kutoka hospitali alikuta sanduku lake la sarafu liko wazi mezani. Kwa miaka arobaini alikusanya humo rupia, sarafu za masultani, vipande vya shaba walivyopewa vibarua wa mkonge badala ya ujira, na nishani ya marehemu baba yake, aliyekwenda kubeba mizigo vitani asirudi. Sasa vyote viling'aa kama sufuria mpya.

"Nimevisugua kwa ndimu na majivu, baba," alisema Saumu, mke wa mwanawe, akificha viganja vilivyochubuka. "Siku tatu nzima. Nilitaka ukirudi ufurahi."

Kibwana aliiokota nishani, akaitazama ukingoni. Jina la baba yake lilichongwa hapo kwa herufi zilizokwishafifia, na uchafu wa miaka uliojaa ndani yake ndio uliolifanya lisomeke. Sasa haikubaki hata herufi moja. Picha ya marehemu hawakuwa nayo, wala kaburi lake halikujulikana lilipo.

"Umependa, baba?"

"Nimependa, mwanangu. Mungu akubariki."

Saumu akaenda kuchemsha chai, akiimba. Kibwana akabaki akipitisha ukucha kwenye ule ukingo laini, akiuzunguka taratibu, akirudi alikoanzia.