Karo la Chini ya Dirisha

"Hapa ndipo mnapofulia?" mgeni aliuliza, akionyesha saruji iliyokuwa chini ya dirisha.

Dorkas aliitazama ndoo ya nguo mkononi mwa mgeni. "Ndiyo," akasema. "Ni karo."

Mumewe alikuwa ameandika kutoka Dar es Salaam. Siku hizi biashara ni ruksa, alisema, na nyumba yao ya likizo pale Kinampanda isikae bure. Krismasi hii waipangishe. Msalaba wa mtoto wao auondoe, maana hakuna mgeni atakayekubali kulala kando ya kaburi.

Juzi Dorkas aliung'oa, akauviringisha kwenye kanga, akauficha jikoni, chini ya kitanda alichojitandikia kuwapisha wageni. Tundu aliliziba kwa saruji mbichi. Mpaka leo pale palikuwa peusi kuliko pengine.

"Karo zuri, ila fupi," mgeni akasema huku akizitoa nguo kwenye maji ya ndoo. "Na mbona halina mahali pa kutokea maji?"

"Fundi alisahau."

Mgeni akainua shati lililolowa ili alipige kwenye saruji. Dorkas akamshika mkono.

"Lete, dada. Wewe umekuja kupumzika. Nitafua mimi."

Mgeni akashukuru, akaingia ndani.

Dorkas akapiga magoti. Nguo alizisogeza pembeni. Akachovya kiganja kwenye ndoo kuona kama maji si ya baridi sana, kisha akaanza kuyamwaga juu ya saruji, taratibu, akianzia upande wa kichwa.