Kitanda cha Zahabu

Semboja aliupiga randa tena ubao uliokwisha kulainika, maana mikono yake haikutaka kutulia. Kitanda kilikuwa tayari. Alikiundia humu chumbani, kwa mbao za mkangazi uliopasuliwa nyuma ya nyumba. Leo wakwe wangekuja kumchukua binti yake, Zahabu, pamoja na kitanda alichoundiwa na baba, kama ilivyo desturi.

Mkewe alisimama mlangoni. Akakitazama kitanda, akautazama mlango.

"Baba Zahabu, hiki kitatokaje?"

Randa ikasita.

"Kitatoka."

"Mbao uliziingiza moja moja. Sasa umeshatia gundi na misumari. Kwa nini hukukiundia uani?"

"Niliogopa mvua."

"Mvua gani, na huu ukame?"

Semboja alikilaza kitanda ubavu, akakisukuma mpaka tendegu, mguu wa kitanda, likagonga mwimo wa mlango. Akakigeuza, akasukuma tena kwa hasira. Hakikupita. Akakirudisha chini, akihema.

Vigelegele vya wakwe vikasikika kwa mbali. Zahabu akaingia, viganja kaviinua juu, hina bado mbichi. Aliona kilichotokea. Akajilaza juu ya chaga tupu za kitanda, akafumba macho.

"Kimenienea, baba."

Semboja akachukua msumeno. Akauweka kwenye tendegu. Akauondoa, akauweka kwenye mwimo wa mlango. Vigelegele vikafika uani, na msumeno ulikuwa bado haujakata kitu.