Mfalme Amelala

Ngoma ya jumba la mfalme ililia tena, na mji mzima ukanyamaza. Mfalme amelala, kutwanga marufuku.

Bi Mgeni alibaki ameshika mchi juu ya kinu, mtama umo ndani haujavunjika hata punje. Enzi za baba yake mfalme usingizi ulikuwa wa adhuhuri tu, na watu waliuheshimu. Huyu wa sasa hulala asubuhi, huamka akala, akalala tena. Chumbani, wajukuu walikuwa wamelia njaa mpaka sauti zimewakauka.

"Shangazi, weka mchi chini," alisema Shaibu, mtoto wa kaka yake, askari wa zamu, akiwa amesimama mlangoni na mkuki. "Mfalme amelala."

"Ebo! Jana kalala, juzi kalala! Sasa hawa watoto niwape usingizi wake wale?"

"Nakuomba, shangazi. Nitaambiwa nikukamate."

"Nikamate na kinu changu, basi! Nimechoka mie!"

Akatwanga. Pigo la kwanza lilitikisa ua, na Shaibu akafumba macho kama aliyepigwa yeye. Akatwanga tena, na tena, kisha akatua kuvuta pumzi.

Ng'ambo ya ukuta, mchi mwingine ukajibu. Kisha mwingine, kule karibu na soko. Kisha haikujulikana tena ni mingapi.

Shaibu aliutazama mkuki wake, akakitazama kinu.

Juu kilimani, dirisha la mfalme likafunguka. Hakuna aliyeinua macho.