Kikombe cha Tatsuji

Shizuno alimng'ata wifi yake mkono hadi damu ikadondoka mkekani.

"Achia kikombe, we mwanamke!" Kikue alipiga ukelele. "Jeneza liko mlangoni!"

Shizuno hakuachia. Alikuwa amekikumbatia kikombe cha mumewe, cha udongo mtupu kisichopakwa chochote cha kuking'arisha, chekundu upande uliolambwa na moto. Tatsuji alikifinyanga mwenyewe, akanywea chai humo mpaka asubuhi ile moyo wake uliposimama mbele ya tanuri. Na kwao Imbe, mji wa wafinyanzi, hata mtoto anajua: maiti akitoka nyumbani, kikombe chake huvunjwa kizingitini, aone kwamba hana tena pa kunywea chai. Kisipovunjwa, roho yake hurudi.

Kikue ndiye aliyemlea Tatsuji, tena mgongoni, mama yao alipokufa. Mdogo wake atangetange, si wa huku si wa kule? Haiwezekani! Akamzaba mjane kofi. Shizuno akaangukia mlango wa karatasi, ukachanika wote, akainuka na kumpiga wifi yake kichwa cha pua. Wanawake wawili wazima, wamevaa nguo nyeusi za msiba, wakagaagaa kwenye majivu ya ubani. Mtawa aliyekuwa akisoma sala alikumbatia kitabu chake, akarudi nyuma hadi ukutani.

"Mshikeni miguu!" alifoka Genzo, mume wa Kikue, aliyekwisha kuonja pombe ya matanga. "Huyu kageuka nyau!"

Ni yeye aliyefanikiwa kukipokonya. Akakibamiza kwenye jiwe la kizingiti kwa nguvu zake zote. Kikombe kilidunda, kikabingirika, kikatulia kizima. Vyombo vya Imbe ni vigumu kuliko vichwa vya wanaovifinyanga. Genzo akatukana, akachukua nyundo.

Nyundo ilipokuwa ikishuka, Shizuno alikifunika kikombe kwa kiganja chake.

Mifupa ilivunjika, kila mtu akasikia. Shizuno hakulia. Hakuna aliyewahi kumwona akilia, hata mwaka ule alipoteleza bafuni akang'oka meno mawili.

"Piga tena, shemeji," alisema. "Nina mkono mwingine."

Genzo akaishusha nyundo, pombe yote imemtoka kichwani.

Kikue alitazama vile vidole vilivyopondeka, na aibu ikamwingia mpaka magotini. Miaka yote alimhesabu wifi yake kuwa gogo tu, mke asiyemtania mumewe wala kumchekea. Alikuwa akimsema kisimani na sokoni. Kumbe penzi lilikuwa likiwaka chini kwa chini, kama moto wa pumba!

"Mwacheni," alisema huku machozi yakichanganyika na damu ya pua. "Kisivunjwe. Akirudi, atakuwa amerudi kwa mtu wake."

Wanawake wakatoa vitambaa, wakalia. Hata mtawa alijifuta macho. Jeneza likatoka, kikombe kizima.

Kikue alichana kipande cha mkono wa nguo yake, akavifunga vile vidole. Kisha akamimina chai ya moto katika kikombe kile, akakiweka mbele ya picha ya marehemu, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka.

"Nisamehe, wifi yangu. Sikujua kama ulimpenda kiasi hiki."

Nje gari lilipiga honi. Shizuno alikigeuza kikombe kwa mkono wake mzima, kielekee mlangoni.

"Arudi tu," alisema taratibu. "Miaka yote hiyo amenipiga, wifi, na mimi sikumrudishia hata kofi moja. Leo anakuja roho tupu, hana mikono."