Sufuria la Matanga

Siku hizo, chombo kikikaa mwaka bila kutumiwa kilihesabiwa taka, kikayeyushwa kwenye tanuri la jiji. Afisa wa tanuri akaja kwa Bi Mishi, mtunzaji wa sufuria kubwa la mtaa, lile la kupikia matanga.

“Mama, kidude chetu cha kupimia vyombo kinaonyesha sufuria hili halijaona moto mwaka mzima.”

“Hatujazika mtu, mwanangu. Ndilo kosa letu?”

“Sheria ni sheria. Kesho nalibeba.”

Kesho yake alilikuta uani, juu ya mafiga, pilau inachemka, na mtaa mzima umekaa mikekani kimya.

“Nani kafa?” akauliza kwa sauti ya chini.

“Sheria yenu,” Bi Mishi akasema, akimtandikia mkeka. “Pole sana, mwanangu. Kaa. Mfiwa habebi vyombo.”